Kinu, Mota na Mkwe Mwenzangu

Niliondoka Bungoma kwa sababu ya mjukuu. Binti yangu Nafula alijifungua mwezi wa saba, mtoto wake wa kwanza, msichana, na siku ya tano akanipigia simu kwa sauti ya chini kama mtu aliyejificha nyuma ya mlango.

"Mama, njoo," alisema. "Mama yake Kerem amefika kutoka kwao. Ni mtu mzuri, lakini hatuelewani. Amenifunga utepe mwekundu kichwani na kunifunika blanketi tatu. Sijui ananifanyia nini."

Kerem ni mume wa Nafula, naye ni Mturuki. Alikuja Kenya kufunga lifti katika majengo mapya, akakutana na binti yangu kwenye duka la dawa alikokuwa akifanya kazi. Wanakaa Jericho, upande wa mashariki mwa Nairobi, katika nyumba aliyopanga Nafula kabla hawajajuana. Haya yote kina mama wa kikundi chetu mnayajua. Ninaandika kwa sababu yaliyotokea huko mmeyasikia vipande vipande, na juzi sokoni nimemsikia mtu akisema mjukuu wangu aliibwa na Waarabu. Hakuibwa. Hakukuwa na Mwarabu. Tulieni niwaeleze kwa utaratibu.

Saa moja asubuhi siku ya Jumatatu nilipanda basi na mizigo mitatu: unga wa wimbi, kunde zilizokaushwa, na kuku wawili niliowakaanga usiku wa kuamkia safari. Basi lilipoanza kupanda kuelekea Timboroa baridi iliingia mpaka kwenye mifupa, nikavaa sweta ya pili. Njia nzima nilikuwa nikijiuliza nitamsalimu vipi huyo mama. Mume wangu, marehemu, alikuwa mwashi na alifanya kazi na Wazungu na Wahindi; angejua la kufanya. Mimi ni mshonaji. Kiingereza changu ni cha kusoma maandishi ya mashine na ya mifuko ya saruji.

Saa kumi jioni nilikuwa Muthurwa, nimeketi juu ya gunia langu la unga katikati ya wauza viazi, nikimngojea Kerem. Alikuja anakimbia, kijana mrefu mwenye vumbi la kazi kwenye nywele. Kumbukeni kwamba nilikuwa nimemwona mara moja tu, siku ya posa, akiwa amezungukwa na wazee. Sasa alikuwa peke yake. Akaniinamia, akanyoosha mikono yote miwili kuushika mkono wangu.

Nilirudi nyuma nikakanyaga viazi vya watu.

Ninyi mnajua kwetu mama hashikani mkono na mkwe wake. Kumbe kwao kijana anayemheshimu mama mkwe huubusu mkono wake kisha akauweka kwenye paji la uso. Alisimama pale ameduwaa, masikio yamekuwa mekundu.

"Mama, nimekosa?" aliuliza. Kiswahili chake amekiokota kwa wajenzi.

"Hujakosa," nikamwambia nikiwa nimekunja mikono kifuani. "Ni desturi yetu tu. Salamu zako zimefika."

Akaitikia kwa kichwa, akabeba gunia begani na kutangulia. Mwanamke niliyemkanyagia viazi alicheka, akaniita bibi kwa lugha yao, akasema, "Shosho, mwache kijana akusalimie, si ameoga?" Hakuwa ameoga, lakini nilimpenda kuanzia hapo.

Jericho ni mtaa wa zamani. Nyumba zake zilijengwa na baraza la mji, ni za chini, zimepangana kwa safu, na kati ya safu na safu kuna uwanja wenye kamba za nguo. Nafula alikuwa kitandani, utepe mwekundu kichwani kweli, amenenepa uso. Mtoto walimwita Elif, na jina letu la nyumbani ni Nekesa. Na kwenye kiti kando ya kitanda aliketi Emine.

Ni mwanamke wa umri wangu, mfupi, mwenye kilemba cha maua na miguu iliyovimba kwa safari. Alisimama, akanikumbatia, akanibusu shavu hili na hili, akasema maneno mengi. Mimi nami nikasema mimi ni Naliaka, na mengine mengi. Hakuna aliyeelewa hata moja. Kisha tukaketi tukitazamana na kucheka kwa aibu kama wasichana wawili walioletwa shule mpya.

Sikulala pale. Kwa desturi siwezi kulala katika nyumba ya mkwe wangu, kwa hiyo Nafula alikuwa amenitafutia kitanda kwa jirani yake, Wangari, mjane anayeuza mboga katika soko la Jericho. Nilipoaga nikibeba mfuko wangu, niliuona uso wa Emine ukibadilika. Baadaye nilikuja kujua alidhani nimekataa kulala chini ya dari moja naye.

Siku ya pili ilikuwa ngumu kidogo, sitaficha. Nilipika uji wa wimbi, Emine akauonja na kuongeza siagi. Nilimwogesha mtoto, akamtoa kwenye taulo yangu na kumfunga upya kwa namna yake. Nilimkuta Nafula amefunikwa blanketi tatu, nikaondoa moja. Niliporudi kutoka nje zilikuwa tatu tena. Nafula alilala katikati yetu akitazama dari.

Jioni ya siku hiyo Emine aliniita. Alikuwa na simu ambayo Kerem alikuwa ameiwekea kitu cha kutafsiri. Kiswahili ilikuwa inakivuruga, kwa hiyo walikuwa wakitumia Kiingereza. Alizungumza nayo, akanionyesha kioo. Nilisoma polepole: inahitajika "mortar", kwa ajili ya Nafula, la sivyo baridi itaingia katika mwili wake.

Nikalielewa mara moja. Neno hilo nimeishi nalo miaka thelathini. Ni mota, ile saruji iliyochanganywa na mchanga na maji, ambayo marehemu alikuwa akirudi nayo chini ya kucha kila jioni. Na nilipotazama ukutani kwenye kichwa cha kitanda niliona ufa mrefu ulioshuka kutoka dirishani mpaka sakafuni. Niliweka kiganja. Upepo wa Julai ulikuwa ukipenya pale kama maji. Nilijilaumu kwamba mgeni ndiye ameuona na mimi mke wa mwashi sikuuona. Nikampa Emine ishara ya kichwa, kwamba nimeelewa, nitashughulikia. Alifurahi akanishika shavu.

Usiku haujaingia nikawa nimeongea na Fundi Njoroge, anayekaa safu ya pili. Akasema asubuhi atakuja na mchanga na nusu mfuko wa saruji. "Kazi ndogo hiyo, mama," alisema. "Nabomoa plasta ya zamani, najaza, napiga upya. Saa nne mtakuwa mnakunywa chai."

Jumatano asubuhi, saa tatu, Nafula alikwenda kliniki kuangaliwa mshono, akisindikizwa na Wangari. Kulikuwa na manyunyu, tukakubaliana mtoto abaki. Alikuwa amenyonya na amelala. Kerem alikuwa kazini. Fundi Njoroge alifika na toroli lake, akaanza kuchanganya uwanjani. Nikachukua simu ya Emine na kumwandikia kwa Kiingereza changu: "mortar" inakuja sasa hapa nyumbani, mwondoe mtoto karibu na ukuta. Nikabonyeza, nikampa simu mkononi, nikatoka nje kumsaidia fundi maji. Sikungoja kuona anavyosoma. Hilo ndilo kosa langu, na nataka mlisikie kutoka kwangu.

Fundi alianza kwa nje, pale ufa ulipotokeza. Alipiga nyundo kwenye patasi: ndu, ndu, ndu. Plasta ikaanguka kwa vipande vikubwa. Alipiga labda dakika kumi. Kisha nikasikia harufu ya kitu kinachoungua.

Niliingia ndani. Maziwa yalikuwa jikoni yamefurika na kuungua, moto unawaka. Nilizima. "Emine?" niliita. Kitanda kilikuwa kitupu. Kitanda cha mtoto kilikuwa kitupu. Viatu vya Emine vilikuwa mlangoni, koti lake kwenye msumari, simu yake juu ya mto. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi.

Mwanzoni sikuogopa. Nilidhani amekimbia vumbi, yuko kwa jirani. Nilibisha mlango huu na huu. Hakuna. Nilifika mwisho wa safu, nikawauliza vijana waliokuwa wakiosha pikipiki.

"Shosho mwenye kilemba? Amepita hapa mbio na mtoi kifuani," mmoja alisema. "Tumemwita, hajatuskia. Hana hata viatu."

"Ameelekea wapi?"

Alionyesha barabara kubwa. Hapo ndipo nilipoogopa.

Sasa nitawaambia jambo ambalo sikumwambia mtu yeyote siku ile. Sikukimbilia barabarani kwanza. Nilirudi ndani. Nikalivuta sanduku la Emine kutoka chini ya kitanda, nikalifungua, nikapekua nguo zake zilizokunjwa vizuri, nikitafuta pasipoti. Nilikuwa nimewaza kwamba anaenda na mtoto kwao. Kwamba hakuja kumtazama Nafula, alikuja kumchukua Elif. Mikono yangu ilikuwa ndani ya nguo za ndani za mwanamke mwenzangu, na moyoni nilikuwa nimemhukumu tayari. Pasipoti ilikuwepo, chini ya soksi nene za sufu alizomfumia mtoto za kuvaa akifikisha mwaka.

Nililifunga sanduku na kumpigia Kerem. Kelele za jengo zilikuwa nyingi, nikalia kwenye simu mpaka akasogea pembeni.

"Mama yako ameondoka na mtoto. Hana viatu. Hatumwoni."

"Nini imetokea? Mama, nini?"

Nikamweleza kuhusu ufa, fundi, na nyundo. Akauliza kama nilimwambia Emine. Nikasema nilimwandikia. "Umeandika nini? Nisomee." Nikaichukua ile simu juu ya mto, nikasoma Kiingereza nilichoandika. Chini yake kulikuwa na Kituruki. Nikasoma herufi kwa herufi, kama mtoto wa darasa la kwanza, nikafika kwenye neno "havan".

Kerem aliniambia nilirudie neno hilo, nikalirudia.

"Mama," alisema, "kwetu havan ni vitu mbili. Moja ni ya jikoni, ya kutwanga. Ingine ni ya vita. Ile bomba inatupa bomu juu, inaanguka kwa nyumba. Saruji ya fundi si havan. Hiyo inaitwa harç, neno ingine kabisa. Kiingereza ndio imeweka zote tatu kwa neno moja."

"Kwa hiyo nimemwambia..."

"Umemwambia bomu inakuja sasa hapa nyumbani, aondoe mtoto kwa ukuta."

Na alipokuwa akiyasoma hayo, nyundo ya fundi ilikuwa imeanza kugonga.

Niliketi sakafuni. Kerem aliendelea, sauti yake imebadilika. "Sikiza. Mama hawezi enda mbali. Anajua kujificha. Usitafute barabarani, tafuta chini. Ngazi ya mawe, chini ya nyumba kubwa, mahali hakuna dirisha. Nakuja."

Nilimwacha fundi na mota yake. Lakini hakukubali kuachwa. Alilitupa karai akanifuata, na wale vijana wa pikipiki nao wakatufuata. Jericho haina majengo mengi marefu. Fundi Njoroge alisimama kidogo, akafikiri, akasema, "Kuna jengo la ghorofa nne pale kando ya barabara. Chini ya ngazi kuna nafasi ya kuwekea majerikeni."

Tulimkuta hapo. Alikuwa amejikunja chini ya ngazi za zege, mgongo umeelekea mlango, na mtoto yuko kati ya kifua chake na ukuta, hata kidole cha mtu kisingemfikia. Miguu yake ilikuwa na matope na damu kidogo kwenye kisigino. Viganja vyake vilikuwa vimefunika masikio ya Elif. Wanawake watatu wa jengo lile walikuwa wamechuchumaa karibu naye bila kumgusa. Mmoja alikuwa ameshika kikombe cha chai mkononi na mwingine amevua leso yake na kumfunika mabegani.

"Hatujui anakimbia nani," yule wa chai aliniambia kwa sauti ndogo. "Tumeona tu anaogopa, tukakaa."

Niliingia kwa magoti katikati ya majerikeni. "Emine," nilisema. "Emine, hakuna. Hakuna bomu." Lakini angeelewaje? Alinivuta kwa nguvu nisiyoitarajia, akanikandamiza ukutani karibu na mtoto, akanifunika na mimi. Mwanamke niliyekuwa nimepekua sanduku lake alikuwa akinificha.

Tulikaa hivyo mpaka Kerem alipofika. Alipiga magoti nje ya ngazi na kuongea na mama yake taratibu, neno "harç" mara nyingi, akiviringisha mikono kama mtu anayechanganya saruji. Fundi Njoroge aliinyoosha mikono yake iliyokuwa bado na mota, akamwonyesha. Emine aliitazama ile mikono kwa muda. Akagusa kwa kidole, akasugua, akanusa. Kisha akaanza kulia, na kucheka, na kulia tena, na Elif akaamka akadai chakula chake.

Nafula alitukuta njiani tukirudi, msafara mzima: Emine amevaa ndara za Fundi Njoroge, mimi nimebeba mtoto, Kerem amemshika mama yake kiunoni, vijana nyuma. Akauliza, "Mmetoka wapi?" Hakuna aliyejua aanzie wapi.

Jioni ile, kabla ya chakula, Kerem aliketi kati yetu akatafsiri. Emine alisema wanatoka mji mdogo karibu na mpaka, na kwamba kulikuwa na kipindi ambapo mabomu ya vita vya ng'ambo yalikuwa yakivuka na kuanguka mjini kwao. Watu walitangaziwa kwa vipaza sauti wakae mbali na madirisha. Siku moja alisikia tangazo akiwa anapika. Akasema moyoni, ngoja nizime moto kwanza, nifunike sufuria. Binti yake mkubwa, Zehra, alikuwa dirishani akianika nguo.

"Zehra yuko hai," Kerem aliongeza haraka. "Anatembea na fimbo. Ana watoto watatu."

Emine alisema kitu kingine, akinitazama mimi na si mwanawe. Kerem akatafsiri.

"Anasema leo hakuzima kitu."

Nikayakumbuka yale maziwa. Nilivuka nikaketi karibu naye, nikachukua miguu yake mapajani mwangu, nikaosha visigino kwa maji ya vuguvugu na chumvi. Hakukataa. Nafula alisema siku ile ndiyo aliyoona tumekuwa wakwe.

"Basi ulichotaka ni nini?" nikamuuliza kupitia Kerem. "Ile havan ya kwanza."

Alikuwa ametaka kinu. Kinu kidogo tu cha mkono. Kwao mzazi hutengenezewa sharubati nyekundu ya viungo, anywe mpaka siku arobaini ziishe, impashe mwili joto. Viungo vilikuwepo jikoni, lakini vizima, na hakukuwa na cha kuvitwangia. Nafula husaga vitu vyake vyote kwa mashine ya umeme, na Emine alisema mashine inavichoma.

Ijumaa Fundi Njoroge alirudi kumaliza ukuta. Safari hii hakuanza. Alimngoja Emine. Nikamshika mkono, tukapita naye hatua kwa hatua: huu ni mchanga, hii ni saruji, haya ni maji. "Mota," nikasema. "Harç," akasema yeye. Fundi akampa nyundo. Alipiga pigo la kwanza mwenyewe, polepole, akasikiliza sauti yake, akapiga la pili. Kisha akarudisha nyundo na kuingia ndani kukaa na mtoto, mlango wazi, na kila mara fundi alipokuwa karibu kupiga aliita, "Shosho, napiga!" naye akajibu kutoka ndani kwa Kituruki. Ukuta ulichukua asubuhi nzima.

Jumamosi tulikwenda Gikomba, sisi wawili tu, bila simu. Wangari alituonyesha njia hadi mahali mafundi wa mbao walipo, akatuacha. Wenye mikokoteni walikuwa wakipiga kelele tupishe, na Emine alikuwa amenishika kiwiko kama mtu anayevuka mto. Kwenye marobota ya mitumba alisimama ghafla. Alichukua sweta ya mtoto, akaigeuza ndani nje, akachunguza mshono, akanitazama kwa huzuni na kutikisa kichwa. Mimi mshonaji nilikuwa nimeona kosa lile lile. Tukairudisha, tukaendelea, tumefurahi sana.

Seremala mmoja alikuwa na miiko na vinu vya mbao amevipanga juu ya gunia. Emine alichukua kimoja kilichong'aa, akanusa, akakirudisha. Cha pili vilevile.

"Shosho, shida ni gani?" seremala aliuliza.

"Hataki chenye vanishi," nikamwambia. "Ni cha kutwangia kitu cha kunywa."

"Anatwanga nini?"

Emine aliona tunaulizana. Akatoa kwenye mfuko wa sweta yake kikaratasi, akakifungua kwenye kiganja. "Karanfil," alisema.

Nilitazama. "Karafuu!"

"Karanfil," akarudia.

"Karafuu! Emine, sisi tunasema karafuu!"

Tulishikana mikono pale katikati ya randa na maranda tukirushiana neno hilo kama wendawazimu. Akanionyesha saa ya ukutani ya seremala, "Saat." Saa! Mtu alipita na birika, "Çay." Chai! Seremala aliacha kazi akatutazama. Alikwenda nyuma akaleta kinu kibichi ambacho hakijapakwa kitu, na mchi wake, akasema, "Chukueni hiki. Sijawahi kuuzia watu wenye furaha hivi."

Njia ya kurudi tuliendelea kuchimba. Sabuni, dunia, habari, raha. Siwezi kusema tulizungumza. Lakini mtu akikuambia "dünya" akiwa ameshika mkono wako na kuutazama mtaa wa Gikomba wote na matope yake, unajua anachosema.

Nilikaa Jericho wiki tatu. Sharubati ile ni tamu, nyekundu, inapanda puani. Nafula aliinywa yote na maziwa yakaongezeka. Blanketi ziliteremka zikawa mbili, kwa makubaliano.

Siku moja kabla ya kuondoka jambo la sanduku lilikuwa bado linanila. Nilimwita Kerem nikamwambia atafsiri bila kupunguza. Nikamwambia Emine kwamba siku ile, kabla ya kumtafuta, nilipekua vitu vyake kutafuta pasipoti, kwa sababu nilidhani ameiba mtoto. Kerem alinitazama, akasita.

"Sema," nikamwambia.

Alisema. Emine alisikiliza, mikono mapajani. Aliinuka, nikadhani anaondoka. Alikwenda kwenye kitanda cha mtoto, akaingiza mkono chini ya godoro, akatoa kipande kidogo cha dhahabu kilichofungwa kwa pini na utepe.

Kerem alianza kucheka kabla hajatafsiri. "Anasema hii ni ya Elif. Kwetu bibi anamfunga mtoto dhahabu kwa nguo, watu wote waone. Lakini siku umefika, ulipokataa kulala hapa, alisema huyu mama hatupendi, labda atachukua. Akaificha."

Tulitazamana na Emine. Yeye mwizi wangu, mimi mwizi wake. Akaichukua ile dhahabu akaniwekea mkononi, akanielekeza mahali, nami nikamfungia Elif begani kwa mkono wangu.

Jumanne saa mbili asubuhi nilipanda basi la kurudi. Kerem alinisindikiza, akakunja mikono kifuani kama nilivyomfundisha, na nikamwinamishia kichwa. Kutoka Nakuru hadi Eldoret nilikuwa nikifikiria jinsi nilivyolielewa neno moja upesi kiasi kwamba sikuuliza swali. Ningemngoja asome. Ningemtazama usoni. Ni hatua mbili tu kutoka kitandani mpaka mlangoni. Hilo ndilo nililokwenda kujifunza Nairobi, na gharama yake nusura iwe kubwa kuliko niwezavyo kusema. Siku hizi mteja akileta kitambaa na kuniambia anataka hivi, namwambia nionyeshe kwa mkono, mpaka wengine wanachoka nami.

Emine alimaliza siku arobaini akarudi kwao. Nilidhani nitasikia habari zake kupitia Nafula tu. Jumapili iliyopita, nikitoka kanisani, simu mpya aliyoninunulia Nafula ililia, na ndani yake kulikuwa na sauti. Haikuwa ya mashine. Ilikuwa yake, na alikuwa amejifunza, nadhani kwa Kerem, akatamka kila neno kama anayepanga vikombe vya udongo mezani.

"Naliaka. Mimi fika nyumbani. Zehra salama. Wewe kula vizuri."

Nilisikiliza mara nne nikiwa nimesimama njiani. Kisha nikaketi kwenye ukingo wa daraja, sikuandika kitu. Nilibonyeza pale pa kurekodi, nikamwambia kwa Kiswahili, polepole, kwa sauti yangu mwenyewe, kwamba nimekula, na kwamba ninamngoja.